Kinaegemea nini? Ajali za mwanzo za vinanda vya umeme

Hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi wa vyombo vya muziki na wapiga kinanda. Tumeiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani tumeiacha.

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu mafundi, wapiga kinanda wa kanisani na wa bendi, na nyinyi vijana mnaosoma umeme, karibuni.

Fundi akiletewa kinanda kibovu, swali la kwanza huwa ni lipi? Wengi huuliza: kimeungua wapi? Leo nawaomba mtangulize swali jingine. Ulizeni: kinaegemea nini? Kila kinanda cha umeme kilichowahi kutengenezwa kiliegemea kitu fulani ambacho mbunifu wake hakukimiliki. Kimoja kiliegemea laini za simu, kingine umeme wa mji, kingine utepe wa plastiki, kingine hali ya joto ya ukumbi. Penye egemeo hilo ndipo kilipovunjikia. Ukilijua egemeo, unajua kitaharibikia wapi hata kabla ya kushika bisibisi.

Tuanze na jitu lenyewe.

Mwaka 1897 Mmarekani mmoja, Thaddeus Cahill, alipewa hataza ya mashine ya kutengeneza muziki kwa umeme na kuusambaza kwa waya. Mashine hiyo ikaja kuitwa Telharmonium. Ndani yake mlikuwa na dainamo, nyingi sana, na kila moja ilizunguka kwa mwendo wake na kutoa mkondo wenye masafa, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, ya noti moja. Ukibonyeza kitufe, unaunganisha dainamo na laini, na mkondo unakwenda kwa msikilizaji kupitia simu. Mashine ya kwanza ilikuwa na uzito wa tani 7 hivi. Ya pili, iliyojengwa Holyoke katika jimbo la Massachusetts, ilifika takriban tani 200 na ikagharimu dola 200,000 za wakati ule. Mwaka 1906 ilihamishiwa New York, katika jengo la Broadway na mtaa wa 39. Dainamo zikawekwa chini, wapigaji wakakaa juu, na muziki ukapelekwa kwenye hoteli na migahawa.

Kwa nini tani 200? Hapo ndipo pa kutulia, ndugu zangu. Amplifaya haikuwepo! Lee de Forest alibuni valvu yake ya kioo mwaka huohuo wa 1906, lakini ilipita miaka kadhaa kabla ya watu kujua kuitumia kukuza sauti. Kwa hiyo nguvu yote iliyohitajika kusukuma spika za mji mzima ilibidi itoke kwenye dainamo zenyewe. Mkondo mkubwa ulidai shaba nyingi, shaba ikadai chuma kingi, na chuma kikaleta tani.

Kukawa na hitilafu mbili. Ya kwanza: mpigaji alipoongeza noti, kila noti ilipungua nguvu, maana zote zilikuwa zinagawana njia moja ya umeme. Akishika kodi nzito, yaani noti nyingi kwa pamoja, sauti inafifia badala ya kunenepa. Ya pili ndiyo iliyoimaliza. Nyaya za Telharmonium zilipita sambamba na nyaya za simu za kawaida, na mkondo wake ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko wa simu. Waya wenye mkondo mkubwa ukilazwa kando ya waya wenye mkondo mdogo, ule mkubwa humwaga sauti yake ndani ya mdogo. Mtu yuko ofisini anazungumza biashara, ghafla anasikia muziki! Malalamiko yakazidi, wateja wakapungua, na mwaka 1908 shughuli za New York zikasimama. Cahill alijenga mashine ya tatu, lakini kufikia mwaka 1914 kampuni ilikuwa imefilisika. Zote ziliishia kwenye chuma chakavu, na leo hakuna rekodi hata moja ya sauti yake inayojulikana.

Kinachoumiza ni kwamba mwanzoni mwa mwaka 1907 de Forest mwenyewe, yule mwenye valvu, alikuwa akijaribu kurusha muziki wa Telharmonium kwa redio. Dawa na mgonjwa walikutana, na hakuna aliyejua kuwa ile ndiyo dawa.

Telharmonium iliegemea nini? Waya za watu wengine.

Sasa njooni Chicago. Laurens Hammond alikuwa mtengenezaji wa saa. Saa zake ziliendeshwa na mota inayofuata mapigo ya umeme wa gridi: umeme ukipiga mara 60 kwa sekunde, mota inakwenda nayo sawasawa, haizidi wala haipungui. Biashara ya saa ilipodorora, alijiuliza mota hiyo inaweza kuzungusha nini kingine. Mwaka 1934 akapata hataza ya kinanda, na mwaka 1935 kikaanza kuuzwa. Wazo ni lilelile la Cahill, gurudumu linalozunguka, ila safari hii amplifaya ipo. Kwa hiyo dainamo ya kilo nyingi ikawa kigurudumu cha chuma cha upana wa sentimita 5 hivi, chenye meno ukingoni, kikizunguka mbele ya ncha ya sumaku yenye koili. Kila jino likipita, koili inatoa pigo moja la umeme. Kigurudumu chenye meno 16 kikizunguka mara 27.5 kwa sekunde kinatoa mapigo 440. Hiyo ndiyo A yenu ya kutyunia.

Uzuri wake? Hakihitaji kutyuniwa maisha yote. Na udhaifu wake? Uko hapohapo. Nasema tena: uko hapohapo. Hammond hakitunzi tyuni yake. Kinatunziwa na shirika la umeme.

Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Marekani umeme unapiga hezi 60. Tanzania, Kenya na Uganda unapiga hezi 50. Kanisa linaletewa Hammond kutoka Marekani, kimeandikwa volti 117. Fundi anafunga transfoma ya kushusha volti 230 hadi 117, kinanda kinawaka, taa inawaka, kila mtu anafurahi. Kwaya inaanza. Mpigaji anabonyeza A, inatoka sauti ya hezi 366 na kitu, chini kidogo ya F kali (F#). Kinanda kizima kimeshuka zaidi ya nusu toni tatu! Fundi anaanza kubadilisha kapasita, vile vihifadhi vya umeme, anabadilisha valvu, anatafuta ugonjwa ambao haupo. Transfoma hushusha volti. Mapigo haiyagusi hata kidogo. Hapo kuna njia mbili tu: mashine ya kielektroniki inayotengeneza upya umeme wa hezi 60, au kubadilisha mota na gia ziwe za hezi 50. Njia ya tatu hakuna, na anayewauzia ya tatu anawauzia transfoma.

Na hata mkiwa na Hammond halali cha hezi 50, jihadharini na jenereta. Jenereta likilemewa na mzigo likashuka hadi hezi 48, kinanda kinashuka senti 70, yaani sehemu saba kati ya kumi za nusu toni. Gitaa limebaki palepale. Waumini watasema kwaya imepotea njia, kumbe aliyepotea ni jenereta. Kabla ya ibada, washeni mzigo wote, taa, feni na spika, kisha pimeni hezi kwa mita. Mkipima kabla ya kuwasha mzigo, mmepima bure.

Kuna jambo la kuwasha. Ile mota ya kufuata mapigo haina nguvu ya kujianzisha yenyewe, kwa hiyo kuna mota ya pili ya kuisukuma. Shikilia swichi ya kuanzisha kwa sekunde 8. Bila kuiachia, washa swichi ya kuendesha. Subiri sekunde 4 nyingine, ndipo uachie ile ya kwanza. Kikigoma, usikilazimishe. Mara nyingi ni mafuta yaliyoganda. Magurudumu hupata mafuta kupitia nyuzi za pamba zinazoyanyonya kutoka kwenye vikombe vilivyo juu; weka mafuta mepesi maalumu ya kinanda hicho, mara moja kwa mwaka, na kama kimekaa miaka bila kutumika, weka na usubiri siku kadhaa kabla ya kukiwasha. Dawa za kupulizia kutu na oili ya gari msiziweke humo kabisa. Zinaganda ndani ya pamba, na hapo mmekiua kinanda.

Hammond kilipata pia aibu ya aina nyingine. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilikipinga kwa kutangazwa kama kinanda halisi cha mabomba chenye uwezo wa sauti zote. Mwaka 1937 yakafanyika majaribio katika kanisa la Rockefeller la Chuo Kikuu cha Chicago. Wanamuziki na wanafunzi walisikiliza bila kuona, kinanda kikubwa cha mabomba na Hammond vikipokezana, na karibu theluthi ya majibu yao ilikosea. Tume ilikataza baadhi ya madai yale, lakini tangazo kubwa kuliko yote kampuni ilikuwa imeshalipata bure.

Na ule mlio wa "tik" unaosikika kitufe kinapobonyezwa, mnaujua? Ulihesabiwa kuwa kasoro. Chini ya kila kitufe kuna migusano 9, vitufe viko 61 mara safu mbili, jumla migusano 1,098. Kwenye kitufe kimoja ile tisa haifungi kwa wakati mmoja, na kila mmoja hukamata wimbi likiwa katikati ya mwendo wake. Ndiyo maana ya "tik". Wahandisi walihangaika kuufuta. Wapigaji wa jazi, akina Jimmy Smith, wakaufanya ngoma yao. Leo kinanda cha kidijitali kinachoiga Hammond huuzwa kikiwa na sehemu ya kuuongeza au kuupunguza! Ila tofautisheni: "tik" fupi ni tabia yake, mkwaruzo mrefu au noti inayokatika ni vumbi kwenye fito za migusano. Msianze kunyunyizia dawa. Pembeni mwa kila safu kuna skrubu inayosogeza fito kidogo, ili migusano iangukie mahali pasafi. Jaribuni hiyo kwanza.

Hukumu za namna hiyo zilimkosesha mzee Hammond hata spika. Don Leslie wa California alitengeneza spika ya kuzunguka iliyokipa kinanda kile uhai, akampelekea. Hammond akaikataa. Leslie akaiuza mwenyewe, na wapigaji wakanunua vyote viwili. Sijui mnionaje, lakini kwangu kukataa spika ile ni kosa kubwa kuliko la gurudumu lolote.

Nisikipite kimya kinanda cha Novachord. Kampuni hiyohiyo, mwaka 1939: valvu 163, kapasita zaidi ya 1,000, vyote ndani ya kabati moja. Kiliegemea kapasita za karatasi, na valvu 163 zilizipika taratibu. Ikaja vita, vipuri vikaadimika, na uzalishaji ukakoma mwaka 1942. Valvu mtu huzilaumu kwa sababu zinaonekana zikiwaka. Kwenye mashine kongwe ya valvu, pimeni kapasita kwanza.

Ndugu zangu, tuvuke bahari, twende Birmingham, Uingereza. Mwaka 1962 alifika huko muuzaji kutoka Marekani, Bill Fransen, akiwa na vinanda viwili vya Harry Chamberlin. Kinanda cha Chamberlin kilikuwa na tepu iliyorekodiwa chini ya kila kitufe: bonyeza, filimbi ya kweli inalia, au fidla za kweli. Fransen alikuwa akitafuta kiwanda cha kumtengenezea vichwa 70 vya kusomea tepu, vyote vinavyofanana. Kwa nini vifanane? Kwa sababu vya Chamberlin havikulingana kinanda kwa kinanda, na hilo liliua biashara. Ndugu watatu wa ukoo wa Bradley wakasema tunaweza. Wakaenda mbali zaidi, wakakiboresha kinanda chote, na mwaka 1963 ukatoka Mellotron. Jambo moja hawakuambiwa: kwamba wazo lilikuwa la mtu mwingine, na mwenyewe yuko hai California. Chamberlin alipopata habari, ilibidi waelewane kwa fedha. Ajali nyingine huanzia kwenye karatasi, wala si kwenye waya.

Mellotron uliegemea utepe na mota moja. Tazameni kazi ya kitufe kimoja. Unabonyeza, kitufe kinashusha kipande cha pamba ngumu kinachobana tepu kwenye kichwa, na papo hapo kigurudumu cha mpira kinaibana tepu kwenye mhimili unaozunguka daima. Tepu inavutwa. Baada ya sekunde 8 hivi imefika mwisho, kimya! Ukiachia, springi inairudisha. Si mviringo usio na mwisho, na walifanya hivyo kwa makusudi, maana kila noti lazima ianze na pumzi ya kwanza ya mpiga filimbi.

Sasa bonyezeni vitufe kumi pamoja. Mhimili ni mmoja, mota ni moja, na kila tepu inaongeza msuguano. Mota inapunguza mwendo, na sauti yote inazama. Kwenye modeli ya M400, ya mwaka 1970, mwendo ulilindwa na bodi ya kielektroniki, na bodi za mwanzo hazikutosha. Mkiletewa Mellotron unaozama, fuateni mpangilio huu. Kwanza safisheni mhimili na vigurudumu vya mpira kwa spiriti safi, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pili, angalieni mbano wa kila kitufe: ukizidi, unaongeza mzigo kwa mota, ukipungua, tepu inateleza na noti hiyo peke yake inayumba. Tatu ndiyo bodi ya mota. Noti moja ikiyumba, tatizo ni la kitufe. Zikiyumba zote, ni la mota. Msichanganye.

Kwa wenzangu wa pwani: tepu na pamba hunyonya unyevu. Mashine ya namna hii ikisafirishwa garini, mbano wake hausalii kama ulivyokuwa. Irekebisheni upya pale ukumbini.

Piano za umeme nitazigusa kwa ufupi, ila moja nataka muione kwa karibu. Wurlitzer walianza kuuza zao katikati ya miaka ya 1950. Nyundo hupiga ulimi wa chuma, na ulimi huo hutikisika katikati ya bamba lenye umeme wa volti 150 hivi. Chuma kinachopigwa mara maelfu huchoka, kikavunjika. Hakuna dawa, ni kubadilisha. Tyuni yake iko kwenye tone la lehemu kwenye ncha ya ulimi: ukipunguza lehemu sauti inapanda, ukiongeza inashuka. Kosa la kila siku ni kukwangua ulimi ukiwa mahali pake. Unga wa lehemu unaanguka kati ya ulimi na bamba, volti 150 zinaruka, na kinanda kinaanza kupasua na kukoroma. Chomoa umeme, subiri kapasita zijimalize, fungua skrubu, toa ulimi, ukwangue juu ya karatasi mbali na kinanda, ufute, uurudishe katikati kabisa bila kugusa upande wowote.

Nimebakiwa na joto.

Robert Moog alianza na moduli zake za sinthesaiza, yaani kinanda kinachozalisha sauti kwa saketi za umeme, mwaka 1964, na Minimoog ikatoka mwaka 1970. Osileta zake, yaani saketi zinazotoa noti, huamuliwa na volti: volti moja ikiongezeka, sauti inapanda oktavo moja. Kazi ya kugeuza volti kuwa oktavo hufanywa na transista, na transista inasikia joto kuliko sisi. Kwenye transista, oktavo nzima ni kama milivolti 18 tu. Na joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, transista ile inasogea milivolti 2 hivi. Pigeni hesabu: zaidi ya nusu toni nzima kwa kila nyuzi moja! Ndiyo maana hutumika transista mbili pacha zilizogusana, kosa la moja lifute la mwenzake.

Je, imekwisha? Bado. Linabaki kosa la pili, dogo na baya: upana wa oktavo wenyewe hubadilika asilimia 0.33 kwa kila nyuzi. Kwenye oktavo 5 ni senti 20. Taa za jukwaani zikiongeza nyuzi 8, ni senti 160. Besi iko sawa, noti za juu zimeshuka. Dawa yake ni rezista maalumu inayopanda na joto kwa kiwango hichohicho, tena iliyobandikwa juu ya transista zenyewe. Minimoog za mwanzo zilihangaika na mambo haya. Matoleo ya baadaye yalipata bodi mpya, yenye transista ndani ya chipu moja inayojipasha moto yenyewe.

Kwa hiyo mtu akikwambia sinthesaiza yangu haishiki tyuni, usimjibu bado. Iwashe, iache dakika 30, usiiweke mbele ya feni wala juu ya amplifaya. Piga A ya chini kabisa, kisha A ya juu kabisa. Zote zimehama kwa kiasi kilekile? Geuza tyuni ya jumla. Ya chini sawa na ya juu imehama? Hilo ni la upana wa oktavo. Ingia ndani kwenye kirekebishio chake. Ukigeuza kisicho chake, utafukuza tyuni usiku kucha.

Sinthesaiza ya Prophet-5 ya mwaka 1978 ilikuwa na osileta 10, na hakuna binadamu wa kuzitunza kumi katikati ya onyesho. Mbunifu wake, Dave Smith, akaweka kompyuta ndogo ndani: bonyeza kitufe, mashine inajityuni. Chipu za matoleo ya kwanza zilisumbua hadi toleo la tatu, la mwaka 1980, lilipotumia chipu za kampuni nyingine. Lakini kompyuta ilileta kumbukumbu, na kumbukumbu ikaleta betri. Egemeo jipya hilo.

Mnaomiliki sinthesaiza ya Korg Polysix, ya mwaka 1981, nisikilizeni vizuri. Betri yake ya nikeli na kadimiamu imelehemiwa juu ya bodi ya kompyuta. Ikizeeka inavuja, na maji yake hula njia za shaba. Dalili ni vitufe vinavyogoma, noti zinazoganda, sauti ulizohifadhi zinapotea. Usisubiri dalili. Ikate leo. Bodi isuguliwe kwa siki, kwa sababu uvujaji ule ni alikali, kisha ioshwe kwa spiriti na ikauke kabisa. Panapoonekana kijani, kwangua hadi shaba ing'ae. Pima kila njia kwa mita, na iliyokatika iunganishe kwa waya mwembamba. Betri mpya ya lithiamu ya volti 3 ifungwe kwa nyaya, mbali na bodi, ikiwa na diodi njiani, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu: saketi ile ilitengenezwa kuchaji betri, na lithiamu haichajiwi. Mstari wa diodi uelekee upande wa bodi.